Mama Mkwe Kwenye Usukani

Mama mkwe wangu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho hospitalini Mbinga, akapumzika kwetu siku chache, na siku ya kumrudisha kwao ilipofika mke wangu hakuweza kutoka. Ni mwalimu, na wiki ile watoto wa darasa la saba walikuwa kwenye mtihani. Kwa hiyo nilibaki mimi. Mimi na mama, ndani ya gari moja, kutoka Maguu tunakolima kahawa mpaka kijijini kwake ufukweni mwa ziwa, mbele kidogo ya Kihagara.

Tangu nioe nilikuwa sijawahi kukaa na mama yule mahali pamoja bila mtu mwingine kuwepo. Nikifika kwake nachuchumaa pembeni, nasema, "Shikamoo mama," anaitikia, "Marahaba, baba," huku akitazama kando, na mazungumzo yetu yanaishia hapo. Chakula naletewa peke yangu. Akitaka kujua habari zangu anamuuliza binti yake, nami hivyo hivyo. Yeye ni Mnyasa, mimi Mmatengo, kwa hiyo hata hayo maneno machache tuliyapitisha kwa Kiswahili, na Kiswahili chetu kilikuwa cha watu wanaosoma somo kanisani. Haikuwa chuki. Ndivyo mkwe anavyoheshimiwa, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu nakikosa.

Alikaa kiti cha nyuma, amevaa miwani myeusi aliyopewa hospitali. Mlangoni mke wangu alitukariria masharti ya daktari kana kwamba sisi ndio wanafunzi wake: mama asiiname, asinyanyue kitu kizito, asiingiwe na vumbi wala mchanga kwenye jicho. Tukaitikia wote wawili, kila mmoja akitazama upande wake.

Tuliposhika kona za kuteremkia ziwani nikasikia sauti nyuma yangu.

"Kumbe una mvi."

Nusura nikose kona. "Ndiyo, mama."

"Sikuwahi kuziona."

Akageukia dirisha, kama mtu aliyejikuta amesema kupita kiasi. Lakini mbele kidogo, ziwa lilipojitokeza kati ya vilima, akaniomba nisimame. Akashusha kioo kidogo tu, akatazama kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi, alisema, ziwa lilikuwa kwake kama shuka lililoanikwa mbali, hajui linapoanzia wala linapoishia. Sasa aliona mpaka mstari wa mawimbi. Hakuwa akiniambia mimi hasa. Alikuwa akikiambia kioo. Mimi nikaendelea kushika usukani, sikujua kama naruhusiwa kujibu.

Tulipoipita Kihagara tukakuta mafundi wamefumua daraja dogo ili walijenge upya. Walikuwa wameweka matawi barabarani, magari yashuke ufukweni, yazunguke kwenye mdomo wa kijito kilichokauka, kisha yapande tena ng'ambo. Fundi mmoja akaja dirishani, akaangalia gari langu.

"Linavuta matairi yote manne?"

"Linavuta."

"Basi pita chini, karibu na maji, mchanga umeshikana. Usipande kwenye mchanga mkavu."

Gari langu ni dogo, la mtumba, nililinunua kwa ajili ya matope ya Maguu wakati wa masika. Matope nayajua. Nikavuta ile gia ndogo ya pembeni, magurudumu yote yakashika, tukashuka. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mchanga mbichi ulikuwa mgumu kama sakafu, na gari lilikwenda bila mtikisiko, maji upande mmoja, matete upande wa pili. Kwenye kioo nilimwona mama ameusogeza uso dirishani.

Lakini mwera ulikuwa umeanza kuvuma, ule upepo wa kusini unaoamsha mawimbi wakati wa kiangazi. Wimbi moja likaja kubwa kuliko mengine, nikaogopa, nikakata usukani kwenda juu. Palepale gari likawa zito. Badala ya kuliachia, nikafanya kama ninavyofanya kwenye matope: nikakanyaga mafuta kwa nguvu. Magurudumu yakazunguka, mchanga ukaruka, na gari likajichimbia shimo lake lenyewe mpaka tumbo likalala chini.

Nikashuka. Hapakuwa na mtu ufukweni upande ule. Mafundi tulikuwa tumewaacha mbali, nyuma ya majabali. Nikapunguza upepo kwenye matairi kwa kijiti, nikachimba mchanga kwa mfuniko wa sufuria iliyokuwa kwenye mizigo ya mama, nikatandika magunia matupu ya kahawa mbele ya magurudumu. Nikarudi kwenye usukani, nikajaribu. Gari likasogea kidogo, likateleza, likarudi. Nikajaribu tena. Ilikuwa dhahiri kwamba linahitaji mtu wa kulisukuma, kidogo tu, ili lipande kwenye magunia. Wakati huo mawimbi yalikuwa yameanza kulamba gurudumu la nyuma.

Nikaenda dirishani kwake, nikachuchumaa. "Mama, naomba niende nikatafute watu."

"Uniache hapa na maji haya?"

Nikageuka kuyatazama mawimbi, naye akayatazama. Mwishowe akauliza, "Huyo anayekaa kwenye usukani, kazi yake nini?"

"Anakanyaga mafuta, mama. Na kushika usukani unyooke."

"Kazi hiyo inahitaji kuinama?"

"Hapana, mama."

"Kunyanyua kitu kizito?"

"Hapana."

Akafungua mlango.

Sijui nieleze vipi aibu niliyoisikia. Mama mkwe kukaa kwenye kiti alichokalia mkwewe, kingali na joto! Yeye naye alilifikiria hilo, maana alitoa kanga yake ya pili, akaikunja, akaitandika kitini kabla ya kukaa. Akavua viatu. Nikamwonyesha kutoka nje, bila kuingiza mkono: huu mkanyagio wa kulia mafuta, huu mpana breki. Gari langu halina klachi, na gia nilikuwa nimeshaiweka ile nzito ya taratibu. Akaushika usukani kama mtu aliyebeba beseni la maji.

Nikafunga mlango na kioo, nikaenda nyuma, nikaweka bega. "Tayari, mama!"

Gari likanguruma kwa unyonge. Alikuwa ameugusa mkanyagio ule kwa adabu.

"Ongeza kidogo, mama, tafadhali."

Akaongeza kidogo kweli. Wimbi likanipiga magotini. Hapo ndipo adabu iliponitoka. Nikapiga kelele, sauti ambayo sijawahi kumpigia hata ng'ombe wangu: "Kanyaga, mama! Kanyaga! Usiogope, kanyaga!"

Akakanyaga. Gari likatetemeka, likapanda magunia, likachomoka, nami nikaanguka kifudifudi mchangani. Nilipoinua uso, gari lilikuwa limeshafika kwenye mchanga mgumu, na linaendelea kwenda.

"Breki, mama! Ule mpana!"

Halikusimama. Halikuwa na kasi, lilikwenda mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na mtu huyo nilikuwa mimi, suruali imelowa, nafukuzana na gari langu. Nikalifikia dirisha. Mama alikuwa ameketi wima, miwani yake myeusi usoni, anatazama mbele, na midomo yake ilikuwa inacheka bila sauti. Kwenye kona ya ufukwe kina mama walikuwa wanaanika dagaa. Mmoja akainuka, kisha wote. Wakamtambua. Vigelegele vikaanza kabla hatujawafikia, na hapo, mbele yao, mama akaukanyaga ule mpana kwa mguu wote. Gari likasimama kwa kishindo.

Wenzake walimzunguka, wakacheka, wakaongea Kinyasa kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata. Mimi nilisubiri pembeni. Walipotulia nikasogea, nikapiga goti. "Mama, nisamehe. Nimekupigia kelele."

"Kelele?" akasema. "Sikusikia. Nilikuwa naendesha."

Hakurudi kiti cha nyuma. Alizunguka akakaa mbele, kando yangu, na sehemu iliyobaki alinielekeza njia kwa kidole. Nyumbani kwake nililetewa chakula peke yangu kama kawaida, ugali wa muhogo na samaki. Lakini safari hii alivuta kigoda, akakaa kizingitini, akazungumza nami wakati nakula. Aliniambia kwamba nilipopeleka posa, mwanzoni alikataa. Aliona watu wa milimani ni wagumu, hawaongei, binti yake angekaa kimya maisha yake yote.

"Sikujua kwamba nawe ulikuwa unanyamaza kwa kuniheshimu," alisema.

Nikamwambia ukweli, kwamba hata mimi nilidhani hana haja ya kuzungumza nami. Akacheka, akaniongeza samaki.

Asubuhi nilirudi peke yangu kwa njia ile ile, karibu na maji, matairi bado hayana upepo wa kutosha, bila kukwama. Nilipofika Maguu mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kibwebwe. Mama yake alikuwa ameshampigia simu.

"Daktari amesema jicho lisiingie mchanga, wewe unampa gari aendeshe ziwani?"

"Vioo vilifungwa," nikasema.

Alijaribu kukasirika, akashindwa.

Jicho lilipona vizuri, na la pili likafuata. Siku hizi mama akipiga simu anaomba nipewe mimi. Ananiuliza habari za kahawa, ananieleza mwera ulivyovuma na kama dagaa wamekauka, na kuna wakati anapiga bila jambo lolote. Mimi ninayeambiwa siongei, tunaongea mpaka salio linakatika. Mke wangu hukaa pale anasubiri zamu yake, kisha huinuka akaenda jikoni, akilalamika kwa sauti kwamba ameporwa mama.