Lenzi Ndefu kwa Tembo wa Mahameni

Baba alisema tembo huzuru mifupa ya wenzao. Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, ambako nilikuwa nimejifunza kuuliza nani aliyeona.

"Mimi," alijibu. "Kwenye mji wetu wa zamani, kabla hatujahamishiwa hapa kijijini."

"Nani mwingine?"

Alinitazama kama mtu atazamavyo ng'ombe aliyevamia shamba la watu. Nikaapa nitaleta picha: ama ya tembo hao, ama ya mifupa isiyozuriwa na yeyote.

Mpiga picha wa Tarime, mzee aliyekuja kutoka Tanga ujanani, alikuwa rafiki wa baba. Filamu ilikuwa imeadimika kuliko sabuni; alibakiwa na mkanda wenye nafasi ya picha kumi na mbili, akanipa. Kisha akaweka kamera mbili mezani. Moja mpya, yenye kipima mwanga cha betri. Nyingine nzito, imechubuka pembeni, haikuhitaji betri kabisa.

"Betri ikifa huko Mbalibali, kwenye mji wenu wa zamani, utaipata wapi, msomi?"

Hilo halikuwa na ubishi; nikachukua ile nzito. Tuligombana kwenye lenzi. Kulikuwa na moja ya wastani, na moja ndefu kama mchi. Alinitoa nje nitazame kuku ng'ambo ya barabara. Kwa ile ndefu niliona hata jogoo akipepesa jicho.

"Hii," nikasema.

"Kuku wako wangapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimeona mmoja.

"Basi chukua ya wastani, usogee kidogo."

"Shida, mzee wangu, atakayesogea ni mimi, si wewe."

Alicheka hadi kofia ikamponyoka. Nikaondoka na ndefu.

Kule mahameni, penye mabaki ya mji wetu, baba alichuma majani mabichi, akayalaza juu ya fuvu la tembo, kama wazee wetu wa Kiikoma wafanyavyo kumpa heshima. Nilimwonea haya. Tukajibanza nyuma ya mwamba, upepo ukitupiga usoni, siku nzima bure. Kesho yake asubuhi walikuja.

Sikusikia hatua. Wanyama wakubwa namna ile, na sikusikia hatua! Ndani ya lenzi ilijaa ngozi. Kisha ncha ya mkonga, ikipapasa taya taratibu, kama kipofu anavyopapasa uso wa mwanawe. Kisha unyayo ulioinuliwa juu ya mfupa, ukaugusa, ukarudi. Nilibonyeza mpaka filamu ikaisha.

Niliposhusha kamera ndipo nilipowaona. Walikuwa kumi na mmoja, wamesimama duara, watoto katikati, hakuna aliyekula hata jani. Majani ya baba yalikuwa bado juu ya fuvu; hakuna aliyeyaondoa. Baba hakunigeukia hata mara moja.

Mzee wa Tarime alizisafisha picha, akazipanga mezani zote kumi na mbili. Mikunjo. Kope. Kitu cheupe. Mikunjo tena.

"Gome la mgunga?"

"Tembo. Walikuwa kumi na mmoja, mzee. Walizunguka mifupa. Walisimama tu."

Alivua miwani, akazitazama tena, akanitazama mimi.

"Hapa simwoni hata mmoja mzima. Nani mwingine aliwaona?"

"Baba," nikasema. "Muulize baba."