Nafasi Tupu Nyuma ya Kiti cha Dereva

Ipo asubuhi moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na kwa kuwa umekuja na gari lako hapa Keko ukitaka tukuwekee kitanda na makabati, kaa kwanza kwenye hilo benchi nikusimulie. Mbao hazikimbii. Mume wangu, Baba Tumaini, yule pale anayepiga randa, atajifanya hasikii, lakini masikio yake yote yako huku.

Nimesikia ukimuuliza kwa nini kwenye mchoro wake ameacha nafasi tupu nyuma ya kiti cha dereva. Umesema hapo pangekaa friji vizuri. Kila mteja anasema hivyo, au friji, au meza ya kompyuta. Siku hizi vijana mmeanza kugeuza magari kuwa nyumba, mnalala humo, mnapika humo, leo Bagamoyo kesho Iringa, mnapigana picha mkinywa chai mlangoni. Mie siwasemi vibaya, tena nawapenda, maana kazi mnatuletea. Ila msidhani mmeanza nyie. Sisi tulilala kwenye gari kabla hujazaliwa, na gari lenyewe alilitengeneza huyo huyo unayemwona, mie nikashona godoro na mapazia. Fundi gani mwingine hapa mtaani alikuwa na kitu kama kile? Hayupo. Watu walikuwa wanatoka Temeke nzima kuja kulichungulia.

Lilikuwa Kombi kuukuu, alilikuta kwa mtu limekaa juu ya matofali, halina hata taa. Alihangaika nalo mpaka majirani wakaanza kumcheka, wakawa wanamwambia afugie kuku humo. Yeye akaendelea kugonga. Alipomaliza, ndani mlikuwa na kitanda cha kukunja, droo za nguo chini yake, rafu ya viatu, vijibano vya kuning'iniza vikombe, na nyuma ya kiti cha dereva kabati la mninga lenye vioo vidogo milangoni. Hilo kabati, jamani. Alilipiga msasa kama anambembeleza mtoto. Mie nilikuwa nalionea wivu.

Tulikuwa ndio kwanza tumeoana. Mie kwetu ni Njombe, nilikuja mjini kwa dada yangu kujifunza ushonaji, na huyu bwana akanipata hapa hapa, nikija kununua kiti cha cherehani. Baba yangu aliridhia ile ndoa shingo upande. Alikuwa anasema vijana wa Dar wana maneno mengi na dharau nyingi, watamchukua mwanawe halafu wasimjue tena. Kwa hiyo safari ile ya kwanza kwenda kwetu na mume haikuwa ya matembezi. Ukoo mzima ulikuwa unasubiri kuona nimeolewa na mtu wa namna gani, na mie moyo ulikuwa juu juu tangu Keko.

Sasa subiri nikwambie alivyofungasha. Alibeba seti nzima ya sufuria, sahani za kaure, pasi ya mkaa, viti vya kukunja, redio na spika zake, viatu vyake vya kanisani na vya kutembelea na vya kupumzikia. Alibeba feni, mwanangu. Feni, kwenda Njombe, mwezi wa saba! Mtu aliyezaliwa Temeke hajui baridi ni nini, anadhani baridi ni mvua ya masika. Nilimwachia feni yake nikaficha mablanketi mawili chini ya godoro, na tulipofika Makambako alijifunika yote mawili akaniuliza kama kuna la tatu.

Na lile gari lilikuwa limejaa hadi darini. Njia nzima vikombe vinalia. Tulipoanza kupanda mlima wa Kitonga injini ikachemka, kwa sababu uzito wote aliupakia nyuma, sufuria, viti, kila kitu, gari likawa linajikokota kama ng'ombe aliyechoka. Tuliokolewa na madumu ya maji niliyong'ang'ania kuyabeba. Yeye alikuwa ameyaita mzigo wa bure. Hapo nilimtazama tu.

Kwetu tulipokelewa vizuri. Mama alikuwa ametuandalia chumba cha kaka yangu, na Baba Tumaini hakufanya ujinga wa kusema tutalala kwenye gari letu. Mkipewa kitanda na wenyeji, laleni kitandani. Lakini kila mgeni aliyekuja kutupa kamwene, salamu ya kwetu, alipelekwa kwanza kuoneshwa Kombi. Anafungua droo hii, anafunga ile, anaeleza pa vijiko, pa viatu, pa sabuni. Watu wanashangaa, watoto wanapiga makofi. Baba yangu alilizunguka gari lile mikono nyuma, akaenda kukaa barazani. Hakusema neno, na mie namjua baba, kimya chake hakikuwa cha kusifia.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya kuondoka. Baridi kali, ukungu huoni hata zizi. Mama akatoka na gunia la viazi alivyovichagua kimoja kimoja, akafuatia na kiroba cha maharage yaliyopepetwa, unga wa mahindi, na jogoo mwenye miguu iliyofungwa. Jirani akaleta kapu la parachichi. Unajua mambo ya kwetu, na hata hapa Dar kwa wanaojali: mgeni haondoki mikono mitupu, sembuse mkwe. Ule mzigo mama alikuwa anauweka akiba tangu aliposikia tunakuja. Alikuwa anamkabidhi mume wangu nyumba yake yote.

Baba Tumaini akafungua mlango wa nyuma, akatazama, akaufunga. Akafungua wa pembeni, akaufunga. Halafu akasema, kwa adabu kabisa, kwamba tunashukuru sana ila gari limejaa, labda vitumwe kwa basi siku nyingine.

Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke. Mama akamweka jogoo chini taratibu. Baba akainuka, akabeba lile gunia la viazi mwenyewe, mzee mzima, akaanza kulirudisha ndani. Wote pale walikuwa wameshaelewa kwamba ile dharau aliyokuwa akiihofia ndiyo hiyo. Mie nikaona kwetu ndio nimepaaga, sitarudi tena na uso huu.

Shangazi yangu mkubwa, dada yake baba, alikuwa amekaa kwenye kigoda anaota jua ambalo halijatoka. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mkwe, gari lako lina mahali pa vijiko. Lina mahali pa viatu. Sisi umetutengea wapi?"

Sasa hapa ndipo nakutaka usikilize. Kuna wanaume wangekasirika. Kuna wanaume wangetoa noti mfukoni wafunike aibu. Huyu aliingia kwenye gari, akatoka na bisibisi. Nilidhani anatafuta kitu kingine. Kumbe anafungua kabati. Lile kabati la mninga, mwanangu, lile lililomkosesha usingizi. Skrubu moja baada ya nyingine.

Alipolilegeza hakumwita kaka yangu, wala vijana waliokuwa pale. Alienda hadi mlangoni akasema, "Baba, naomba unisaidie kushika upande wa pili. Linaenda kwa mama."

Baba akatoka. Walilibeba wawili, mkwe mbele na baba nyuma, wakaliingiza sebuleni na kulisimamisha ukutani. Mama alifungua vile vimilango vya vioo akavifunga, akavifungua tena, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Na baba mwenyewe ndiye aliyepanga viazi kwenye gari, na maharage, na unga, akisukuma kwa goti. Pale palipokuwa na kabati pakatosha kila kitu. Jogoo alikaa juu ya godoro nililoshona, akalichafua hadi Chalinze, nami nikamwacha.

Siku ile ndipo nilipojua nimeolewa na nani. Mtu anayejua kuunda kitu kizuri nimewaona wengi hapa Keko, wamejaa barabara nzima. Anayejua kukitoa mbele za watu bila kununa, huyo nimemwona mmoja, na ndiye ninayelala naye hadi leo. Acha atabasamu, amesikia.

Tuliporudi mtaa mzima ulikula viazi vya Njombe. Wale wale waliosema tufugie kuku ndani ya Kombi walikuja na mabakuli yao, nikawajazia. Tangu hapo hajawahi kuunda nyumba ya gari bila kuacha ile nafasi. Mteja akigombana naye, ananiachia mie kazi ya kueleza.

Miaka ikapita, baba akaugua. Ndugu walikuwa wanashauriana kwa simu nani amlete Dar kutibiwa, na kwa usafiri gani. Kabla hawajamaliza kushauriana, Baba Tumaini alikuwa ameshafika Njombe na Kombi. Alitandika godoro, akamlaza baba, akawa anasimama kila anapoona mzee amechoka, anampikia uji kando ya barabara. Walipofika hospitali, muuguzi aliuliza aliyemleta mgonjwa ni nani wake. Baba yangu, mtu asiyekuwa na maneno, akanyanyua kichwa akasema, "Huyu mwanangu." Hakusema mkwe. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikageukia ukutani nikalia.

Basi mwanangu, fungasha kama mtu mwenye akili. Maji ya kutosha, usimsikilize atakayeyaita mzigo. Tochi, chandarua, sweta hata kama jua linakupasua utosi hapa. Jiko dogo la gesi, na mtungi ufungwe vizuri kabla gari halijaondoka. Dawa za huduma ya kwanza, jeki, kamba ya kuvutia, na tairi la akiba ulilolijaza upepo wewe mwenyewe ukaona. Vitu vizito viweke chini, karibu na katikati, usirundike nyuma ukaja kulia Kitonga. Nguo, begi moja kila mtu. Beba sukari na sabuni za kuwapelekea wenyeji, usiende kwa watu na simu ya kupigia picha tu.

Ukishapakia hivyo, acha. Usitafute cha kujazia. Hiyo nafasi tupu ni ya watu ambao bado hujakutana nao, na ni ya wazee wa mkeo, ambao umeniambia hujawahi kwenda kwao. Utapewa mikungu ya ndizi, utapewa mbuzi, pengine utapewa mgonjwa wa kumfikisha hospitali. Usije ukasimama mbele yao na mlango wazi ukaanza kutafuta maneno. Ukijikuta umejaza, basi jua cha kutoa ni kile unachokipenda zaidi, na ukitoe ukicheka.

Mungu akutangulie na mkeo kwenye kila kona na kila mteremko. Mpate pa kulala mahali msipojulikana, na wenyeji wawaulize mnarudi lini kabla hamjaondoka. Na siku mtakayotoka kwa wakwe zako, naomba mama mkwe wako apakie, na baba mkwe apakie, mpaka mlango wa hilo gari ugome kufunga, na mzee mwenyewe ndiye awasaidie kuusukuma.