Dumu Moja Hadi Namtumbo

Baba mdogo alimwita kaka yangu mwizi siku ambayo mshenga alikuwa amekaa kwetu Mfaranyaki, mjini Songea, anakunywa chai. Sidhani kama alisahau kwamba kuna mgeni. Nadhani alimwona, akaona ndiyo nafasi.

"Gari halinywi lenyewe," alisema. "Lina mnywaji."

Kaka alikuwa dereva wake. Gari lilikuwa kubwa, la petroli, silinda sita, lililouzwa na wageni wa mradi wa barabara walipofunga kazi na kwenda kwao. Ilikuwa miaka ya ruksa. Mahindi hayakuwa tena ya ushirika peke yake, na mtu yeyote mwenye gari na magunia aliweza kujiita mfanyabiashara. Baba mdogo aliacha ukarani, akajiita. Kila safari alimpa kaka dumu moja la lita ishirini kwenda Namtumbo, na kila safari kaka alikwama kabla ya kufika, akaombaomba petroli kwa wapita njia. Maelezo yake ya mara ya kwanza yalipokelewa. Ya mara ya nne yakaitwa wizi.

Mshenga alikuwa mzee wa Mpitimbi, aliyebeba maneno ya posa kati yetu na wazazi wa mchumba wa kaka. Aliweka kikombe chini.

"Mkimaliza mambo yenu mtaniita," alisema. "Siwezi kuwapelekea watu mkwe mwizi."

Akachukua kofia yake. Kaka hakusema neno. Mama alianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya fizikia, nikisubiri kazi ambayo serikali ilikuwa imeacha kuigawa. Nilikuwa na tabia ya kuuliza, tabia ambayo nyumbani iliitwa ujeuri. Jioni ile nilimuuliza kaka: nani aliwahi kupima dumu moja linafika wapi? Hakuna. Aliyeuza gari alisema linafika Namtumbo na ziada, baba mdogo akaamini, basi.

"Achana nayo," kaka alisema. "Baba hayupo. Yeye ndiye baba sasa. Ukigombana naye, nani atanisemea Mpitimbi?"

Ndiyo maana alinyamaza. Mdomo uliomwita mwizi ndio uliotakiwa kumwombea mke. Mimi sikuwa na mchumba Mpitimbi. Na sitajifanya kwamba nilitaka haki. Haki ingetosheka kaka akisafishwa jina lake. Mimi nilitaka baba mdogo aumbuke, na watu wawepo.

Siku gari lilipokuwa gereji nilikwenda kwa fundi aliyelitunza, mzee wa Tunduru mwenye gereji ya mabati nyuma ya soko.

"Shikamoo fundi. Kwa nini gari lile halipati moto? Mshale wa joto haunyanyuki kabisa."

"Marahaba. Kwa sababu thamostati haimo. Niliitoa mwenyewe. Mwenye gari aliagiza, aliogopa injini isije ikachemka mlimani. Wote hapa nawatolea."

"Na waliotengeneza gari waliiweka ya nini?"

"Wao kwao baridi."

"Na Songea mwezi wa sita?"

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akaweka spana chini. "Wallahi, binti, miaka yote hii hakuna aliyeniuliza hivyo."

Tulikaa juu ya tairi tukalifikiria pamoja. Kile kidude kidogo cha shaba kazi yake ni kuyazuia maji mpaka injini ipate moto. Kisipokuwepo, maji hayaachi kuzunguka, injini inakwenda baridi siku nzima, petroli haichomeki vizuri, gari linakohoa. Likikohoa, dereva anavuta choki ili linywe zaidi. Baba mdogo alikuwa ameibana choki ile kwa kibanio cha nguo, ibaki imevutwa, na alikataza mtu kukigusa. Aliona fahari. Alizoea kusema mshale ukilala, mwenye gari naye analala. Fundi alifungua na kichujio cha hewa, ukamwagika udongo wa kutosha kupanda mchicha.

"Nirekebishe?"

"Bado," nilisema. "Rudisha kila kitu kama kilivyokuwa."

Siku iliyofuata nilimwendea baba mdogo kwa adabu zote, nikapiga goti kidogo. Nilimwambia nataka kumsaidia kumnasa kaka. Tufunge dumu juu ya keria, mahali ambapo hakuna mkono unaofika bila kuonekana, mpira ushuke mpaka kwenye injini. Aendeshe yeye mwenyewe, mtu mwaminifu, hadi Namtumbo. Kisha tumpe kaka dumu kama hilo hilo. Tofauti itasema.

Alifurahi hata nikakaribia kumwonea huruma. Haikudumu.

"Ndiyo faida ya kusomesha," alisema. Ni yeye mwenyewe aliyemwalika mshenga. Sikuhitaji kufungua mdomo.

Tuliondoka asubuhi, baridi kali, mshenga mbele, mimi nyuma. Baba mdogo alivaa koti la suti. Njia nzima alimweleza mshenga jinsi dereva mwizi anavyojulikana: hatazami usoni, anapenda kusimama porini. Gari lilikohoa tulipotoka mjini, akagonga kibanio cha nguo kwa kidole kama mtu anayemtuliza mtoto. Barabara ilikuwa vumbi tupu. Nilihesabu vijiji kwa kimya, nikiomba. Sikuwa mtu wa kuomba.

Lilizima kwenye kilima, mbele ya mabanda ya kukaushia tumbaku, Namtumbo bado mbali. Alijaribu kuliwasha mara tatu. Wakulima waliacha kufunga tumbaku yao wakaja kutazama.

"Mpira umeziba," alisema.

Mshenga alishuka polepole, akapanda kwenye bampa, akafungua kamba, akalipindua dumu mbele ya watu wote. Halikutoa hata tone.

"Kumbe," alisema, "nimekaa na mwizi bega kwa bega tangu Songea."

Wakulima walicheka bila kujua wanacheka nini. Baba mdogo alivua koti. Ndipo nikamweleza, kwa sauti ambayo wa nyuma nao waliisikia, habari ya thamostati, choki na kichujio.

"Ulijua," alisema. "Kwa nini hukuniambia nyumbani?"

"Nyumbani watu walikuwa wachache, baba mdogo."

Tuliporudi Songea, fundi alirudisha thamostati, akasafisha kichujio, akajaza upepo tairi zilizokuwa zimelegea. Kibanio nilikitoa mwenyewe. Wiki iliyofuata kaka aliendesha, mshenga yule yule akiwa pembeni yake, na dumu lilifika Namtumbo likiwa na kitu ndani. Kaka aliporudi alisema yamekwisha. Nikamwambia hayajakwisha. Nilimfuata mshenga, nikamuuliza kama jina lililochafuliwa mbele ya mgeni linasafishwa kwa safari ya gari.

"Hapana," alisema. "Neno lilitoka kwa mdomo, litarudi kwa mdomo. Na litarudi Mpitimbi, kwa sababu lilishafika huko."

Kaka alipolisikia aliniita mjeuri.

Mpitimbi tulikaa kwenye mikeka, wanaume mbele, sisi wanawake nyuma yao upande wa mlango. Baba wa binti aliuliza kama inavyoulizwa siku zote: kijana wenu ana tabia gani? Mshenga alimgeukia baba mdogo, akasubiri. Watu wote wakasubiri.

Baba mdogo alisafisha koo. Alisema kijana ni mchapakazi. Mshenga aliendelea kumtazama. Alisema ana heshima. Bado alitazamwa. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa, na nilijua angetoa chochote ili niseme yatosha.

"Nilimwita mwizi," baba mdogo alisema mwishowe. "Hakuiba. Gari nililiharibu mwenyewe, nikamtwika yeye. Ni mtoto wa kaka yangu, na sikumuuliza hata mara moja."

Alipofika hapo alinitafuta kwa macho, juu ya mabega ya watu, kama mtu anayeomba kuruhusiwa kuketi. Mama aliniminya mkono ili nitazame chini. Sikutazama chini. Nilimkazia macho mpaka baba wa binti aliposema wamesikia, na watuletee maji ya kunawa, tule.