Kiti cha Njano cha Leonard Wojtas

Leonard Wojtas aliingia dukani kwangu, kwenye barabara ya Archer, mwezi Novemba. Akayapita makochi yote bila kuyatazama, akaenda moja kwa moja kule nyuma nilikokuwa nimerundika viti vibovu nikisubiri mtu wa vyuma chakavu. Akachomoa kimoja cha jikoni, cha miguu ya chuma na kikalio cha plastiki ya njano, akakigeuza juu chini.

"Dola mbili," nikasema.

"M-m-mguu mmoja mfupi."

"Weka kipande cha ubao."

"Na k-kikalio kimepasuka."

"Mzee, unatafuta kiti au mchumba?"

"Cha th-theluji," akasema.

Hapo nikaelewa. Mtu wa Chicago akikwambia anataka kiti cha theluji, huulizi tena. Theluji ikianguka, gari lako likazikwa mbele ya nyumba, ukalichimbua kwa beleshi na mgongo wako mwenyewe, nafasi ile ni yako mpaka iyeyuke. Ukitoka na gari, unaacha kiti pale. Sheria ya jiji haisemi hivyo, ila mtaa unasema, na ni mtaani tunakoishi.

Nikamwonyesha kingine chenye hali nzuri zaidi, akakataa. Kiti kizuri, alisema, kitaibwa. Kibovu kabisa kitabebwa na watu wa takataka. Kinachofaa ni kile ambacho hakuna anayekitaka lakini kila mtu anakikumbuka. Tukaelewana kwa dola moja na nusu, nami nikajiona mjanja, kwa kuwa mtu wa vyuma asingenipa hata senti thelathini. Alipokuwa akitoka nacho ndipo tulipogundua kuwa ni majirani. Nilikuwa nimehamia mtaa wake kiangazi kile, milango minne kutoka kwake.

Jambo hilo la viti tunaliita *dibs*. Ni neno la kitoto: anayelitamka kwanza ndiye mwenye kitu. Watoto hulitumia kugombea kiti cha mbele cha gari. Wakubwa hulisema kwa kipande cha mwisho cha keki, kwa zamu ya Jumapili yenye malipo mazuri, na katika kazi yangu nimelisikia kwenye nyumba za matanga, marehemu hajazikwa, binamu wawili wanawahi taa ya sebuleni. Halina karatasi wala shahidi. Lakini sijawahi kuona mtu mzima akilipuuza akabaki na heshima yake.

Leonard alikuwa wa saba katika watoto tisa, na kigugumizi alizaliwa nacho. Mama yao akileta kuku mezani, mapaja yalikuwa yameshatajwa kabla yeye hajaitoa herufi ya kwanza. Alinieleza haya mwenyewe, tukiegemea uzio wake, bila kulalamika.

"N-nimekula shingo mpaka nimeoa," akasema.

"Ndiyo maana una shingo ndefu," mkewe Dolores akadakia kutoka kibarazani.

Dolores ndiye aliyemtamkia. Kwenye dansi ya parokia, mwaka ambao Leonard alirudi kutoka jeshini, alisimama na wasichana wenzake, akamnyooshea kidole yule kijana aliyejibanza ukutani, akasema, "Yule, *dibs*." Wenzake wakacheka. Hakuna aliyemsogelea tena Leonard usiku ule. Walikuwa wamekaa pamoja miaka thelathini na tisa. Kiwandani, ambako Leonard alikoroga sukari ya peremende miaka thelathini na mmoja, kila cheo kilipotangazwa kilichukuliwa na aliyefungua mdomo mapema. Kwa hiyo kiti kilimfaa Leonard kuliko mtu yeyote mtaani. Kiti hakigugumii.

Januari ya mwaka wa sabini na tisa theluji ilianguka siku mbili mfululizo, ikafunika magari mpaka kwenye vioo. Figo za Dolores zilikuwa zimekwisha. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilibidi apelekwe hospitali kusafishwa damu, na akirudi alikuwa hana nguvu ya kushika hata kikombe. Nafasi ya mbele ya mlango ilikuwa ndiyo miguu yake. Leonard, miaka sitini na sita, aliichimba kwa muda wa saa tano nzima. Nilimwona. Sikutoka kumsaidia, nilikuwa na yangu ya kuchimba. Kisha akakiweka kile kiti cha njano katikati, akaondoka na mkewe.

Ijumaa ya wiki ile, saa nane mchana, nilifika na lori langu dogo, mgongoni mwake kabati la vyombo la mti wa mwaloni, zito kama dhambi. Mteja alikuwa anakuja kulitazama kwangu saa tisa. Nafasi yangu niliikuta imeshikwa na gari la kampuni ya gesi. Mtaa mzima hakukuwa na pengo jingine ila lile la Leonard. Nikapiga hesabu zangu: hawarudi kabla ya saa kumi. Muda unanitosha. Nikashuka, nikakiinua kiti, nikakiweka kwenye rundo la theluji.

Bernice Pociask wa nyumba ya pili alifungua dirisha.

"We Walt! Hicho kiti hukukiona?"

"Nimekiona, mama. Nimekiuza mimi!"

"Umeuza kiti, hukuuza nafasi!"

"Dakika chache tu, Bernice. Funga dirisha, joto lako linatoka."

Kabati lilishuka, mteja akaja, akanunua. Nikarudi kwenye lori, nikazungusha ufunguo. Kimya. Baridi ilikuwa imeimaliza betri. Nilikuwa nimeinamia boneti gari la Leonard lilipotokea mwisho wa mtaa na kusimama ubavuni mwangu. Dolores alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, macho amefumba.

"Betri, Leonard. Nipe dakika tano."

"D-D-Dolores amechoka, Walt."

"Tano tu, jirani. Nimeshatuma mtu akalete waya za betri."

Nyuma yake magari mawili yakaanza kupiga honi. Njia ilikuwa finyu, theluji huku na huku, hakuna wa kumpita. Ningeweza kumwambia amteremshe mkewe pale pale, mimi na yeye tumbebe mpaka mlangoni. Sasa naliona wazi. Wakati ule nilikuwa nafikiria waya. Leonard alikitazama kiti chake juu ya theluji, akanitazama mimi, akaondoa gari. Alizunguka mara mbili. Mara ya tatu hakutokea, alikuwa amepata pengo kona ya kanisa, mitaa miwili mbali.

Waliposhuka, Dolores alikataa kubebwa. Walifika karibu na nyumba ya Bernice. Dolores alianguka pale kwenye barafu, nikiwa nawatazama, waya za betri mkononi. Nyonga ilivunjika.

Usiku ule, lori langu likiwa bado limekataa kuwaka, majirani walilimwagia maji kwa mpira mpaka likawa pande moja la barafu. Ndivyo mtaa unavyojibu. Leonard hakuwamo, alikuwa hospitali. Lori lilikaa kwenye nafasi yake siku tisa, na sikumlaumu mtu.

Dolores hakuweza tena kupanda ngazi za nyumba yake. Binti yao aliyekuwa Tucson akasema njooni, huku hakuna theluji wala ngazi. Mwezi Juni Leonard akaja dukani. Nyumba imepata mteja, akasema, nije nitazame vyombo.

Nikazunguka vyumba nikiwa na daftari. Kitanda cha mti wa jozi, meza ya watu wanane, saa ya ukutani. Nikataja bei ya kuanzia, ile ya chini ambayo unaitaja ili mwenzako apate pa kupigia kelele. Mtu huyu alinipigania nusu dola kwa kiti kibovu.

"S-sawa," akasema.

"Leonard, hiyo ni ya kuanzia tu."

"Sawa, Walt."

Nikajipandishia bei mwenyewe, mara mbili. Sijawahi kufanya hivyo kabla wala baada. Alisema sawa kila mara, bila kuniangalia. Nilipokuwa natoka nikakiona kiti cha njano nyuma ya mlango, nikauliza, "Na hicho?"

Safari hii hakugugumia. "Hicho ulishakichukua."

Krismasi alimwandikia Bernice kadi, naye akanisomea dirishani. Tucson wana nafasi ya gari yenye paa, namba yao imepakwa chini kwa rangi, Dolores anatembea kwa fimbo mpaka kwenye gari. Kiti kile walikiacha, sasa ninacho mimi. Theluji ikianguka nachimba yangu, nakiweka katikati, na hakuna anayekigusa. Nikirudi jioni nakikuta pale pale. Bernice huwa dirishani. Namsalimu, naye anafunga dirisha.