Njia ya Mtoni, Kulesa

"Madam, hapa ni pa magari ya watalii, si Hiace," askari wa lango la kambi ya watalii aliniambia, na hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nilimfokea mpaka mbuzi waliokuwa kando wakatawanyika. Mwanangu, ambaye hata kutembea hajajua vizuri, alikuwa begani anachemka, ametapika njia nzima. Nyuma yangu Hiace ilinuka klachi iliyoungua. Mume wangu alikuwa ameing'oa viti akaweka godoro na jiko la gesi ili tutembee pwani mpaka Kipini. Kulala kwenye kambi yao sikutaka. Nilitaka maji na kivuli, na mahali pale napajua tangu nina meno ya utoto.

Nilikuwa darasa la tatu, likizo ya Agosti, baba alipopewa kazi ya kuendesha gari-nyumba la wazungu wawili, mzee na mkewe. Akanibeba. Tuliondoka Malindi asubuhi, sahani zikilia kabatini kwenye kila tuta, ndani kunanuka dizeli, kahawa na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Jua lilipasha moto bati lile, na kufika Garsen yule mama wa kizungu alikuwa mwekundu, hasemi. Baba akakata kona kwenda Kulesa, kwa bibi yangu. Bibi alisimama mbele ya gari akapiga hodi, akangoja kabisa aitikiwe, maana kwake nyumba ni nyumba hata ikiwa na magurudumu. Alipochungulia ndani akamgeukia baba: "We, umemwoka mke wa mtu! Mtoe!" Wakamtandikia mkeka chini ya migomba. Shangazi akateremka njia ya mtoni akachota maji pale palipozungushiwa miti kuzuia mamba, wakamwosha kichwa. Jioni mgonjwa alikula ndizi za kupika na samaki, akaomba tena, na bibi akacheka mpaka akashika mbavu.

Siku hizi bibi hayupo, mafuriko yameuhamishia ukoo wetu mahali pa juu, na shamba limekodishwa, ikajengwa kambi. Hilo sigombi. Lakini njia ya mtoni haikuwa ya shamba letu. Kijiji kizima kilichota pale. Sasa ina waya na kufuli. Maji nilipewa na mama wa Kiorma aliyekuwa akiuza maziwa barabarani. Alinipokonya mtoto akasema, "Utagomba baadaye, dada. Mnyweshe kwanza." Homa ikashuka. Hasira haikushuka.

Kesho yake, badala ya Kipini, tulienda kwa chifu. Akauliza kama nitaridhika askari akiniomba radhi. Nikamwambia yule ametumwa tu, wewe andika. Akaandika, nimemsimamia: "Mimi, mzaliwa wa Kulesa, nalalamika kwamba njia ya maji ya kijiji imefungwa. Zamani mgeni aliugua hapa, akapewa maji kabla hajaulizwa jina. Jana mwanangu aliugua hapo hapo, akanyimwa kwa sababu ya gari alilokuja nalo. Sitaki radhi. Naomba kufuli litolewe."

Nikatia sahihi.