Pete ya Yakuti ya Manjano

Fundi wa vito wa Jaipur, India, hukipulizia kila kito kabla ya kukipachika, na chini ya pete huacha tundu ili kito kiguse ngozi. Wateja wakimuuliza kama kweli vito huponya, hucheka: "Mimi napachika tu, dada."

Alhamisi moja mteja aitwaye Sugna alikuja kuchukua pete ya mwanawe, ambaye siku ya kuiagiza alikuwa mahututi. "Kapona hata kabla hajaivaa," alisema, asijue amshukuru daktari au kito. Fundi hakumkabidhi pete.

"Niachie, dada. Binti yangu hali si nzuri."

"Lakini si wewe usiyeamini vito?"

"Siamini," alijibu, akiifumbata.

Sugna alimwachia, kisha akatoka mbio kwenda kuhakikisha mwanawe bado mzima.