Hedifoni za waya

Wapendwa wa kundi hili, nawasalimu kwa heshima, na mniwie radhi kwa kuchelewa kuwajibu: leo nimeimba dukani, nami sikujua.

Nilitafuta hedifoni za kumsikilizia marehemu mke wangu, katika wimbo wa kwaya yetu uliomo kwenye simu yangu.

Zile kubwa, za bei, zilitoa ngurumo tupu. Sauti yake ikazama.

Bi Shirin, mwenye duka hapa Mikindani, akanipa za waya, za bei ndogo.
"Mzee, jaribu na hizi."

Nikamsikia waziwazi! Nami, masikio yakiwa yamezibwa, nikaitikia besi yangu hadi ubeti wa mwisho.

Nilipozivua, nikakuta wateja wote wamenigeukia. Nawaomba radhi.

Bi Shirin akauliza, "Nikufungie, au bado kuna ubeti?"

Namshukuru mno.

Ujumbe huu anaurusha jirani yangu, Mama Neema, kwa simu yake. Yangu bado inaimba.